Gia ya Nyuma Haitumiki Hapa

Bujumbura, 1 Septemba 2025

Papa Melchior,

Nakusalimu sana, wewe na binti yako na wajukuu wote. Sisi huku tuko wazima. Barua hii anakuletea Fabiola, yule anayepandisha mawese mjini kutoka huko kwenu. Nimemwambia akupe mkononi, maana najua nyumbani kwako barua husomwa na kila mtu kabla haijakufikia wewe.

Mota yako imeanza ukorofi. Nasema yako ingawa ulituachia miaka mitatu sasa, sisi wanawake sita wachuuzi wa ndagala, hawa dagaa wa ziwani, kwa sababu ikiwa nzima ni yetu na ikiugua ni yako. Tunaondoka ufukoni vizuri, gia ya mbele inaingia, tunakwenda. Tukishapakia ndagala kule kwa wavuvi na kufungua mafuta kwa nguvu, ghafla mota inapiga kelele na mtumbwi unasimama. Mkono wa gia uko mbele palepale, lakini hatusogei. Ukipunguza mafuta na kuingiza upya, inashika. Baada ya dakika tano inatoka tena. Jana imetoka mara kumi na moja. Mwenzetu Mawazo alikuwa anasali kwa sauti mpaka nikamwomba asali kimoyomoyo, nisikie mota.

Ningekuacha upumzike, lakini tarehe 9 Oktoba wakaguzi wa ziwa wanakuja. Mwaka huu kila mtumbwi wenye mota utapimwa, na mwendeshaji wake pia: kwenda mbele, kusimama, kurudi nyuma, kuegesha. Ukishindwa, mtumbwi unavutwa nchi kavu hadi mwaka ujao, na sisi tunarudi kununua ndagala kwa wale wanaume waliokuwa wanatuuzia zilizobaki chini ya ndoo, zimepondeka. Papa, mimi kule sirudi. Nisaidie.

Darius, yule mwanafunzi wako, anakusalimu. Ndiye anayeendesha, kama ulivyoagiza.

Odette, Mama Gaëlle


Rumonge, 4 Septemba 2025

Mama Gaëlle,

Barua imefika. Ina doa la mawese lakini inasomeka.

Kwanza, usinipigie simu tena kama juma lililopita. Niliona jina lako linawaka, nikaweka simu sikioni kama mtu mzima na akili zangu, wajukuu wakacheka mpaka wakalala chini. Masikio yangu yamekwisha, yamebaki ya kushikia miwani. Na meseji sitaki. Mota haielezwi kwa meseji, halafu mimi napenda kuchora.

Zamani mtu alikuwa anapita na mtumbwi wake mbali, mimi nimekaa zangu nakula, nasema: plagi ya pili imekufa. Sasa wewe utakuwa masikio yangu. Uniandikie sauti. Umeandika "kelele". Kelele ni nini? Hata soko lina kelele. Andika inavyolia, herufi kwa herufi.

Pili, msifungue kitu. Watu wa Bujumbura mota ikikohoa tu wameshashika spana. Anzeni na elisi, lile panga linalosukuma maji. Katikati yake kuna mpira ulioshika chuma cha ndani. Mpira ukichoka, chuma kinazunguka na panga limelala, na dalili zake ni hizohizo ulizoniandikia. Chora mstari mmoja wa rangi kutoka chuma cha katikati hadi kwenye panga. Nendeni ziwani mpaka gia itoke. Mkirudi mkaona mstari umekatika, vipande havikutani, basi ni mpira. Ukiwa mzima, ugonjwa uko ndani zaidi. Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii.

Mwambie Darius nimepokea salamu zake. Mkono wake wa kulia ukoje siku hizi?

Melchior


Bujumbura, 8 Septemba 2025

Papa Melchior,

Rangi nilichukua ya kucha ya Gaëlle, nyekundu, bila kumwomba. Amenuna hadi leo. Mstari ni mzima, kama nilivyouchora. Kwa hiyo siyo mpira.

Sauti ni hii. Mota inakwenda vizuri, *vuuu*. Halafu *tak*. Kimya kidogo. Halafu *tak-tak-tak*, kama mtu anagonga geti kwa ufunguo. Halafu mota inapaa, *wiii*, na mtumbwi umekaa. Kuna nyingine ndogo, wakati wa kuingiza gia. Kabla haijashika inafanya *krrr*, fupi sana. Hata ukiingiza polepole kabisa, kwa upole, inafanya. Ukizidisha upole inazidi. Kiganja kinawasha kidogo. Darius anasema kinawasha.

Tulichunguza mkono wa gia, tukakuta unacheza pale unapoungana na fimbo inayoshuka chini. Kile kipande cha kuzuia kimelika. Tukakata bomba la maji la plastiki, tukalibana pale. Siku mbili mota ilikuwa kama mpya, nikaimba. Siku ya tatu gia ikagoma kutoka. Tunafika nchi kavu, narudisha mkono katikati, mtumbwi bado unasukuma. Tumegonga mtumbwi wa Jovithe. Unamkumbuka Jovithe, yule mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo. Alisimama mbele ya ufuko mzima akasema: "Mama, hii mota iko inakukataa! Rudia kwa kuuza, uwachie wanaume maji!" Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Ugonjwa unahama, Papa. Juma lililopita ulikuwa kutoka, sasa ni kutotoka. Na petroli unajua ilivyo, hatuwezi kujaribu ovyo.

Odette


Rumonge, 11 Septemba 2025

Mama Gaëlle,

Ugonjwa hauhami. Una ugonjwa mmoja wa mota na mmoja wa bomba. Plastiki imepata joto la mota, imelainika, imejibana, mkono haumalizi safari yake. Litoe hilo bomba. Katafute kipande cha shaba, hata cha bomba la jiko la gesi, ukate urefu wa kucha ya kidole gumba. Huo wa pili umekwisha. Nani alikata plastiki? Darius tangu nimjue hajawahi kukata kitu kikatosha mara ya kwanza.

Sasa ule wa kwanza. Mguu wa mota, kule chini, una mafuta yake mazito. Fungua skrubu ya chini, uyaache yashuke kwenye sahani nyeupe. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Yakiwa meusi, pitisha sumaku ndani. Uniandikie sumaku imetoka na nini.

Nakuuliza jambo moja, na unijibu kweli hata kama unaona aibu kwa ajili yangu. Ile *krrr* ya kuingiza gia. Ilianza lini? Mlipoipokea mota mwaka ule wa kwanza, ilikuwepo?

Melchior


Bujumbura, 19 Septemba 2025

Papa Melchior,

Shaba imekaa, gia inatoka vizuri. Hilo limekwisha, asante.

Mafuta ni meusi, hayana maji. Sumaku nilibandua kwenye spika ya redio iliyokufa. Niliizungusha ndani ya sahani, ikatoka na ndevu. Ndevu za chuma, Papa, zinang'aa. Niliziangalia muda mrefu.

Nikachukua ile sahani, nimeifunika kwa kitambaa, nikashuka nayo mtaa wa Asiatique kwa wale wauza vipuri. Wa kwanza hakuangalia hata. Wa pili aliangalia, akauliza mota ni ya mwaka gani, nikamwambia. Akasema: "Apana, Mama. Hii mguu ni ya kutupa. Vipande vya hii mota haviko tena, ata Dubai utatafuta bure." Nilimshukuru. Nilitoka nje, nikaweka sahani juu ya ngazi ya duka, nikalia palepale mchana kweupe, watu wanapita. Mwanamke mmoja aliniuliza nani amekufa.

Zimebaki siku ishirini. Nasema wazi: naogopa. Naamka nikiwa nimekunja ngumi, kana kwamba nimeshika usukani.

Umeuliza swali, nakujibu. Ndiyo, ile *krrr* ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Sisi tulidhani ndiyo sauti yake.

Odette


Rumonge, 22 Septemba 2025

Mama Gaëlle,

Kaa chini kwanza.

Darius hakunisalimu kutoka Bujumbura, wala hajahisi kiganja chake kinawasha. Tangu Julai yuko hapa Rumonge kwenye mashine ya kukamua mawese, na kila Jumapili baada ya misa anakuja kula kwangu. Barua yako ya kwanza tuliisoma pamoja. Alipofika mwisho, pale unaposema ananisalimu, alisimama akanipa mkono, akaniandikia kwenye karatasi: "Papa, mi niko Buja, niko naendesha mota, unaniona?" Tulicheka hadi binti yangu akatoka jikoni kuuliza. Nilijua tangu mwanzo kwamba mwendeshaji ni wewe. Nilikuacha uendelee kwa sababu mimi pia nilikuwa na langu la kuficha.

Ile *krrr* ni yangu.

Masikio yangu hayakufa mwaka ule nilioondoka. Yalikufa miaka minne kabla, kidogo kidogo, na sikumwambia mtu. Fundi asiyesikia, nani atamletea mota? Nilikuwa naweka mkono juu ya kifuniko, nahisi mtetemo, nasoma midomo ya watu, natamka ugonjwa, na mara nyingi nilipatia. Lakini *krrr* ya gia ni ndogo, mkono wangu haukuihisi. Nikawa naingiza gia polepole, kwa heshima, nadhani naitunza, kumbe naisaga kila siku. Gia ya mota haitaki upole. Wewe nawe umejifunza upole huo kwa kunitazama.

Darius alikuwa anasikia, akaninyamazia. Ndiyo sababu nilitaka aendeshe yeye peke yake. Haikuwa kwamba ninyi wanawake hamwezi. Niliogopa mtu mwingine akiishika ile mota siku moja tu, atajua kwamba Melchior alikuwa kiziwi na anajifanya. Nimebeba aibu hii miaka saba. Nisamehe, maana aliyelia kwenye ngazi za duka ni wewe, na kosa lilikuwa langu.

Sasa kazi.

Ndani ya mguu kuna kipande kinaitwa krabo. Ni pete nene ya chuma yenye meno makubwa pande mbili. Ukiingiza mbele, inateleza na meno ya upande mmoja yanashika gia ya mbele. Ukiingiza nyuma, inateleza upande wa pili. Meno ya mbele nimeyasaga kona. Ukifungua mafuta, yanateleza na kutoka, ndiyo *tak* yako. Krabo mpya hutapata, muuzaji hakukudanganya. Ila hakujiuliza swali moja: ufukoni kwenu, nani anatumia gia ya nyuma? Hakuna. Watu wanafika nchi kavu, wanazima mota, wanashika upondo. Mimi mwenyewe nilikuwa nawaambia wanafunzi wangu, gia ya nyuma haitumiki hapa. Basi meno ya upande ule hayajaguswa tangu kiwandani.

Itoe krabo, uigeuze.

Michoro iko kurasa tatu, ifuate kwa namba. Ule waya wa mviringo usiukate, uufungue taratibu, ndani yake kuna pini. Na meno ya gia yenyewe ya mbele, ukiona kona zake zimelainika, ziguse kwa jiwe la kunolea, kidogo tu.

Melchior


Bujumbura, 29 Septemba 2025

Papa Melchior,

Kwanza niliona haya hadi masikio yakapata moto. Barua mbili nimekuandikia "Darius anakusalimu", "Darius anasema", na Darius yuko mezani kwako anakula! Mwambie siku nikimkuta nitamkamua kama mawese. Halafu nikasoma lile jingine, nikalisoma tena. Nilimsomea Mawazo peke yake, kwa ruhusa yako au bila ruhusa. Alisema: "Mutu anasikia kwa mukono miaka mine, na bado anapatia? Huyo ni fundi kuliko wenye masikio." Mimi nasema hivyohivyo. Kusamehe nimekusamehe, usirudie kuniomba.

Tumefungua mguu, sisi wawili, kwenye veranda yangu Gasenyi ili Jovithe asituone. Kifuniko cha ndani kilikataa kutoka siku nzima. Tulikimwagia maji ya moto, birika tano, kikatoka. Krabo niliishika mkononi. Upande mmoja meno yamelainika kama sabuni iliyoogesha watoto wengi. Upande wa pili, Papa, kona zake zinakata. Nilijikata kidole nikafurahi.

Nimeigeuza. Nimerudisha pini, waya, mafuta mapya, kila kitu kwa namba zako. Jumamosi tukashusha mtumbwi majini. Nikaingiza mbele, kwa nguvu, kama ulivyosema. Hakuna kitu. Nikaingiza nyuma. Hakuna kitu. Mkono unakwenda, hakuna *krrr*, hakuna *tak*, elisi imelala. Jovithe alikuwa amekaa anatuangalia, amekunja mikono.

Zimebaki siku kumi. Nimeharibu wapi? Fabiola anaondoka asubuhi, namwomba arudi na jibu haraka.

Odette


Rumonge, 30 Septemba 2025

Mama Gaëlle,

Fabiola amesimama mlangoni ananisubiri, kwa hiyo naandika mbio.

Hujaharibu. Fimbo ya gia ni vipande viwili, cha juu kiko kwenye mota na cha chini kiko kwenye mguu. Vinakutana pale unapopandisha mguu. Vyako havijakutana, vimepishana. Kila fundi limempata hilo, mimi lilinipata mbele ya padri. Shusha mguu. Weka mkono wa juu mbele, na fimbo ya chini izungushe mpaka elisi ishike ukiizungusha kwa mkono. Ndipo upandishe, Mawazo akiangalia kwa tochi vinapokutana, na ufunge boliti yake.

Jambo la pili, kubwa zaidi. Meno mabovu sasa yako upande wa nyuma. Siku ya mtihani watakuambia urudi nyuma. Yatashika, lakini kwa masharti mawili: ingiza mara moja kwa mkono mkavu, yaani kwa ghafla bila kusita, na mafuta usifungue hata robo. Ukifungua zaidi, yatatoka mbele ya wakaguzi. Fanya mazoezi kila siku, nyuma tu. Mbele unajua tayari. Siku tisa zinatosha kwa mtu aliyeandika *tak* vizuri namna ile.

Melchior


Bujumbura, 10 Oktoba 2025

Papa Melchior,

Nimepita! Nimepita, nimepita! Nimeandika mara tatu na bado haitoshi.

Fimbo zilikutana siku ileile barua ilipofika. Mawazo aliziona kwa tochi akapiga kigelegele, jirani wakadhani kuna harusi. Nikaingiza mbele: *tok*. Moja tu, safi. Tulikwenda hadi kwa wavuvi tukarudi tumejaza, nimefungua mafuta yote, haikutoka hata mara moja. Kuanzia hapo kila alfajiri nimekuwa narudi nyuma. Narudi nyuma mpaka shingo imepinda, mpaka wavuvi wakaniita Mama Kinyumenyume. Nilijua mkono unapaswa kufika wapi, na mafuta yanapaswa kuishia wapi, nikiwa nimefumba macho.

Jana wakaguzi walikuja watatu. Mkubwa wao ni mwanamume mwembamba mwenye filimbi, hacheki. Waliweka madumu mawili ya njano yakielea, wakasema kila mmoja aende hadi kwenye boya kule mbele, asimame, arudi nyuma apite katikati ya madumu, kisha aegeshe. Mitumbwi ilikuwa tisa. Mimi nilipangwa wa mwisho.

Papa, ungeona! Mbele walikwenda wote vizuri, kwa mbwembwe. Ilipofika nyuma, wa kwanza gia yake ilikuwa imeshika kutu, haijawahi kuguswa tangu inunuliwe. Wa pili iliingia, akafungua mafuta yote kama anakwenda mbele, maji yakamwingilia nyuma akabaki anachota kwa kofia. Wa tatu alizima mota akachukua upondo, mkaguzi akapuliza filimbi akamwambia: "Monsieur, nimesema mota." Jovithe alipita juu ya dumu. Lilizama, halafu likaibukia mbele yake. Wanane walikwenda, akapita mmoja tu, na yule alijifunzia kazi Kigoma.

Zamu yangu ikafika. Mawazo na wale wenzetu wanne walikuwa wamesimama ufukoni wameshikana mikono. Nilikwenda hadi kwenye boya, nikasimama. Nikaingiza nyuma mara moja, kwa mkono mkavu. Ilifanya *tok*. Mafuta chini ya robo. Mtumbwi ukaanza kurudi polepole, umenyooka, nikapita katikati ya madumu na sikuyatikisa. Niliegesha pale nilipoonyeshwa. Nilikuwa nalia bila kufuta machozi kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

Mkaguzi aliuliza nani fundi wa mota hii. Nikamwambia ni Papa Melchior wa Rumonge, aliitengeneza kwa barua. Alidhani namtania. Nikamwambia pia kwamba husikii kabisa. Akaniomba nirudie, akaandika kwenye daftari lake. Nimekutaja mbele ya watu wote, Papa, masikio na yote, na hakuna aliyecheka.

Waliofeli ni wengi mno, kwa hiyo badala ya kuvuta mitumbwi yao nchi kavu wamewapa wiki mbili warudie mtihani wa nyuma. Jana jioni Jovithe alikuja hadi nyumbani Gasenyi, ile sauti yake ameiacha sijui wapi. Alikaa, akanywa chai, akazungusha kikombe weee. Mwisho akasema: "Mama Gaëlle, we unairudisha nyuma namna gani ile kitu? Unaweza kutuonyesha?" Amekuja kwa niaba ya wote.

Nimewaambia waje Jumatatu saa mbili asubuhi, na asiyefika kwa wakati nitamwacha ufukoni. Ni saba, Papa, na wote wana ndevu.

Odette, nahodha